Betri imejaa, mbona inveta inakataa jagi la umeme?

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Nyumbani kwangu Singida nina paneli moja ya wati 300, betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200, pamoja na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe vifaa vya nyumbani) ya wati 1000. Fundi aliniambia betri hiyo ina "wati 2400". Mbona nikichomeka jagi la umeme la wati 1800 inveta inapiga kelele na kuzima, hata betri ikiwa imejaa? Na kwa nini friji huzimika kabla ya alfajiri? Ninunue inveta kubwa?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Inveta kubwa usinunue. Una matatizo mawili tofauti, na hilo la friji ndilo zito.

Hiyo 2400 si wati, ni wati-saa: volti 12 mara ampea-saa 200. Wati hupima nguvu, yaani kasi ambayo kifaa kinavuta umeme muda huo kinapowaka. Wati-saa hupima nishati, jumla ya umeme uliotumika. Uniti moja unayonunua ya LUKU ni wati-saa 1000.

Jagi lako linadai nguvu nyingi lakini nishati kidogo. Wati 1800 kwa dakika tano ni wati-saa 150 tu. Betri inazo, inveta ndiyo isiyoweza kuzitoa kwa kasi hiyo. Ukifunga ya wati 2000, waya wa betri utapitisha zaidi ya ampea 150, na waya mwembamba unaweza kushika moto. Maji chemsha kwa gesi.

Friji ni kinyume chake. Tuseme inavuta wati 100, na mota yake inazunguka nusu ya muda. Kwa saa 12 za usiku itakula wati-saa 600. Weka televisheni ya wati 60 na taa tano za wati 9, vyote kwa saa tano: 525. Inveta yenyewe, ikila wati 15 usiku kucha, inaongeza 180. Jumla ni 1305. Betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo ulichonacho ni 1200. Hapo hakuna kifaa kibovu, hesabu ndiyo haitoshi.

Tena paneli yako, kwa jua kali la saa tano na baada ya upotevu, huingiza kama wati-saa 1100 kwa siku, na mchana friji inakula nyingine 600. Betri inaanza usiku haijajaa kweli, hata kama taa ya kijani imewaka. Anza na paneli ya pili, ukihakikisha kontrola, yaani kifaa kinachodhibiti chaji kutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri, inahimili ampea 50. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo huo ifuate baadaye, kwani hiyo unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza. Kwa sasa zima televisheni mapema: betri ya asidi inayoishiwa kila usiku haimalizi miaka miwili.