Angalia kwanza, ndipo ufue

Mimba yangu ya kwanza, miezi miwili hata haijatimia, niliona matone mawili ya rangi ya kahawa kwenye nguo ya ndani. Nikaifua upesi, nikaianika chini ya leso asione mtu. Kesho yake nikapanda bodaboda kutoka Siyu hadi Mtangawanda, kisha boti hadi Amu, yaani mji wa Lamu, na muuguzi akaniuliza: rangi gani? Kiasi gani? Harufu je? Sikuwa na jibu. Jibu lilikwenda na povu la sabuni.

Matone yale yalikoma yenyewe, na mwana ndiye huyu anayeninyang'anya simu. Karibu mwanamke mmoja kati ya wanne huona damu kidogo miezi ya mwanzo, na wengi wao hujifungua salama. Hata hivyo nenda ukapimwe. Damu ikija na maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au bega kuuma, usingoje kuche: mimba yaweza kuwa imetunga nje ya mji wa uzazi.

Sasa ule ute mweupe utokao ukeni. Somo yangu (kungwi aliyenifunda), Mungu amrehemu, aliuita uchafu, na neno hilo ndilo lililoniponza. Ute mwepesi, mweupe au usio na rangi, usiowasha wala kunuka, ni wa kawaida. Huongezeka kadiri mimba inavyokua, nao huzuia vijidudu visipande juu. Mimi, kwa kusikia uchafu, nikanunua shabu dukani nikajiosha mpaka ndani. Wiki nzima nilikaa kwa upande. Jioshe nje kwa maji, basi. Ukiona mabonge kama maziwa ya mgando pamoja na muwasho, huenda ni fangasi, na dawa yake ipo. Ukisikia shombo ya samaki (na sisi wa visiwani hatuwezi kuikosea) au ukaona kijani, kapimwe kabla ya kumeza vidonge vya kubahatisha.

Mimba ikiwa pevu, ute mzito kama kamasi wenye michirizi ya damu ni dalili kwamba uchungu u karibu. Ukija kabla ya wiki 37, nenda hospitali. Majimaji yakichuruzika na huwezi kuyazuia kama mkojo, chupa imevunjika, nenda pia. Damu nyekundu isiyo na maumivu yoyote ndiyo inayowadanganya wengi, kwa kuwa haiumi. Kondo laweza kuwa limekaa chini, kwenye mlango wa uzazi. Hapo usikubali mtu akuingize kidole kabla hujapigwa picha ya ultrasaundi.

Baada ya kuzaa ndiyo nifasi, damu ya uzazi. Siku tatu nne za kwanza ni nyekundu, kisha hugeuka kahawia, na kufikia siku ya 10 hivi huanza kuwa ya manjano au nyeupe. Hukatika ndani ya wiki sita. Kwa madhehebu yetu ya Shafii aghalabu yake ni siku 40 na ukomo wake 60. Ukinyonyesha, mji wa uzazi hukaza na damu hushuka, usishtuke. Mimi siku ya 12 nilinyanyua dumu la maji, ile nyekundu ikarudi. Nikalala kutwa, ikapungua. Mkwe wangu hajanisamehe dumu lile mpaka leo.

Pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, au likitoka bonge kubwa la damu, hapo si pa kulala tena. Na kuhusu udi: mzazi hufukizwa asubuhi na jioni, nyumba nzima ikanukia, kumbe harufu mbaya ya nifasi imefunikwa mle mle. Nusa pedi kabla ya kufukizwa. Ikinuka vibaya, na zaidi ukiwa na homa, ni maambukizi ya kizazi.

Maji yakipwa, boti hazipiti Mkanda, ule mkondo wa kwendea Amu. Kwa hiyo mimba ya pili nilizungumza na nahodha mapema, na namba yake nikaiandika kwenye jalada la kitabu cha kliniki, chini ya kundi langu la damu.