Hariri haing'ai hata ukiipika vizuri? Angalia mayi

Dada mmoja wa Himbi, hapa Goma, ameuliza: napika nyuzi za hariri na sabuni nzuri, mayi natoa ku ziwa, lakini zikikauka ziko na vumbi jeupe, hazing'ai na rangi inashika mabaka. Nibadilishe sabuni?

Hapana dada yangu, sabuni yako haina shida, shida iko kwa mayi. Hariri mbichi inakuja na gundi yake, ile serisini, karibu robo ya uzito wote, na tunaipika ili gundi itoke, uzi ubaki unang'aa. Sasa mayi ya Kivu iko na magneziumu mingi, sabuni ikikutana nayo inageuka utando mweupe unaonata, hauyeyuki, unajipaka ku uzi na pale ulipokaa rangi haiingii, njo mabaka unayoona. Jaribu mwenyewe: chupa mbili safi, moja mayi ya ziwa, ingine ya mvua, tia vipande vya sabuni ile ile, tikisa. Ya mvua itajaa povu, ya ziwa itakuwa kama maziwa yaliyokatika.

Basi pika na mayi ya mvua. Ila chunga mabati, moshi wa volkano ya Nyiragongo unatia asidi ku mvua na bati linashika kutu haraka, na kutu ikiingia ku hariri inaleta umanjano na kufifisha rangi. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, kisha kinga chini ya bati lisilo na kutu.

Na hapa njo wengi wanaharibu: wanapika vizuri kabisa, halafu wanasuuza na mayi ya ziwa juu ile ya mvua ni kidogo. Uzi ungali umejaa sabuni! Utando unatokea palepale. Suuza mara mbili na mayi ya mvua ya moto, ya ziwa ubakize ya kuosha masufuria. Siki kidogo tu, ku mayi ya mwisho, sabuni ikiisha kabisa, ukiitia mapema sabuni inageuka mafuta ndani ya uzi. Ikikauka uiminye mkononi, hariri iliyotoka vizuri inalia kidogo.

Zile zilizoharibika usitupe. Loweka ku mayi ya mvua ya vuguvugu pamoja na sabuni ya majimaji ya kuoshea sahani, yenyewe haigandi, inaondoa ule utando, kisha suuza ndipo urudishe rangi. Lakini javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, hapana, hata tone moja, inakula hariri.