Unakula Mboga Kila Siku na Damu Bado Ndogo?

Juzi dada mmoja wa Makambako kaniandikia. Ana mimba ya miezi mitano, mboga za majani hazikosekani kwake, lakini kliniki wamempima wakamwambia damu ni ndogo. Anauliza ale mboga gani. Ujumbe ule ulinichoma, maana hayo yamenipata mimi mwenyewe.

Mimba yangu ya kwanza nilikuwa nalima bustani Uyole, hapa Mbeya, na kuuza Mwanjelwa, pale Soko la SIDO. Chainizi, kabichi, karoti, majani ya maboga, vyote vilipita mikononi mwangu tangu alfajiri. Nilipopimwa, damu ikasoma 8, wakati mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Muuguzi akasema kwa sauti, benchi zima linasikia: "Wauza mboga ndio nyie, na damu hamna!" Watu wakacheka. Akanipa vidonge, nikaondoka. Hakuniuliza mboga naipikaje, naila na nini, wala nakunywa nini nikishamaliza kula. Mwanangu sasa yuko sekondari, na bado nikipita nje ya geti la kliniki ile roho inaniuma.

Aliyeniuliza ni mama mkwe wangu, mtu wa Rungwe. Alinitazama nikikata mboga kwanza ndipo nioshe, nikachemsha mpaka ikawa kahawia, maji nikamwaga, halafu baada ya ugali nikashushia chai ya rangi kwa sababu ya baridi yetu ya Uyole. Akaniambia, "Mwanangu, mboga yenyewe umeshaimwaga." Kesho yake akaja jikoni na majani ya maboga.

Unashika kikonyo, unakivunja kwa ukucha bila kukikata kabisa, unavuta, na ule uzi unachunika wote mpaka kwenye jani. Hapo unaosha, ndipo unakata. Nyanya na kitunguu zikishaiva, weka majani na maji kidogo sana, funika. Karanga zilizotwangwa zinafuata. Ipua jani likiwa bado kijani. Pembeni aliweka usipa wa Matema, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, na kipande cha limao. Chai akaniambia nisubiri saa nzima au zaidi.

Baadaye nilipoanza kusoma mambo ya lishe niliona kila alichofanya kina maana yake. Vitamini C huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na moto mrefu. Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani mwili huyachukua kwa shida, lakini limao, nyanya na samaki huusaidia, na chai huuzuia. Mafuta ya karanga, au hata parachichi, ndiyo yanayowezesha mwili kupata vitamini A ya majani na ya karoti. Vidonge vya kliniki nilimeza vyote, na wewe dada yangu usiache hata kimoja. Nilivyopimwa tena damu ilikuwa imepanda, na nilijifungua salama.

Kwa hiyo swali la mboga gani linakuja nyuma ya swali la mboga inapikwaje. Lakini nalo nitalijibu, kwa sababu kuna jambo linanikera. Mgeni akija, majani ya maboga yanafichwa, inapikwa kabichi, eti ile nyingine ni mboga ya shida. Kabichi asili yake ni pwani za Ulaya. Karoti zilianza kulimwa huko Iran na Afghanistan, zikiwa za zambarau na njano. Maboga watu wa Mexico waliyalima karibu miaka 10,000 iliyopita. Ya hapa kwetu Afrika ni kunde, na majani yake tunayadharau vilevile. Kabichi ina vitamini C, siikatai, ila kwa vitamini A haifikii hata kidogo majani ya kijani kilichokolea.

Ndugu zangu wa nyanda za juu, tuambiane ukweli. Malori yanapakia nyanya Ilula na viazi Njombe kila leo, tunalisha Dar es Salaam, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta Iringa karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 30. Chakula tunacho! Mama anauza fungu la mwisho, anarudi kumpa mtoto ugali na chumvi. Baba unayesoma hapa, mboga si kazi ya mkeo peke yake. Mletee mjamzito wako limao na dagaa.

Na kama una kipande chochote nyuma ya nyumba, fukia mbegu za maboga kwenye samadi iliyooza. Chuma majani machanga na ncha tu, mche utachipua pembeni na kuendelea kukupa. Ule mche unaotaka ukuzalie boga, uache bila kuuchuma sana.