Kiporo au Life Orb? Hesabu mapigo kwanza

Kuna kibanda cha kutengeneza simu huku Kondele, Kisumu, ambako jioni hukosi vijana wanne watano wameinamia simu zao. Wengi wanacheza mpira. Mimi na fundi mwenyewe ni Pokémon Showdown, mchezo wa kupambanisha wanyama wa Pokémon, kwa sababu inafunguka bure kwenye kivinjari, haimalizi bando, na stima zikipotea tunaendelea tu.

Hapo ndipo nilipojiua.

Kila mmoja alikuwa amebakiza mnyama mmoja: mimi Garchomp, yeye Snorlax. Tulikuwa tunacheza ngazi ya 50, ambako Garchomp wangu akiwa mzima ana uhai 183. Wakati huo alikuwa na 18. Snorlax ni mzito mno, kumtangulia si kazi, kwa hiyo nikapiga shambulizi la Earthquake bila wasiwasi. Uhai wake ukashuka, ukashuka, ukabaki kamstari kembamba chekundu. Halafu Life Orb, kifaa alichokuwa amebeba Garchomp, ikadai chake: sehemu moja ya kumi ya 183, yaani 18. Garchomp akaanguka kabla Snorlax hajafanya lolote.

"Omera, umejimaliza mwenyewe," fundi akasema, akaokota bisibisi yake na kurudi kwenye simu ya mteja.

Kosa langu ni la kila anayeanza. Niliona "asilimia 30 zaidi" nikadhani ni ya bure, nikawavika Life Orb karibu wanyama wangu wote. Kifaa hiki kiliingia na michezo ya Pokémon Diamond na Pearl mwaka 2006, na masharti yake hayajafichwa: mashambulizi yako yanaongezewa asilimia 30, na kila unaposhambulia unatozwa sehemu ya kumi ya uhai wako wote. Leftovers, kifaa kingine cha kubeba, ni ya zamani zaidi, imekuwepo tangu Gold na Silver za mwaka 1999. Sisi tunaiita kiporo, ingawa pichani ni tufaha lililong'atwa, si ugali wa jana wa kuteremshia chai. Kila zamu ikiisha inakurudishia sehemu moja ya 16. Kwa Garchomp wangu hiyo ni uhai 11. Piga hesabu ya zamu tano: kiporo kingenipa 55, Life Orb ingenila 90. Kati ya hizo mbili kuna pengo la 145, kwa mnyama mwenye 183.

Sasa usikimbie kumvua kila mtu Life Orb. Mimi nilifanya hivyo wiki mbili nzima na nikapigwa vilevile, ila polepole zaidi. Swali la kujiuliza ni kama ile 30 inapunguza idadi ya mapigo. Pigo lako likimtoa adui asilimia 80 ya uhai wake, bado unahitaji mawili. Ukiongeza Life Orb linafika 104, anaanguka kwa moja. Hapo lipa hiyo kumi ukitabasamu. Lakini likimtoa 55, Life Orb inalifikisha 71 na kitu. Ni mapigo mawili bado, na wewe umetozwa mara mbili bure. Likimtoa 40 linakuwa 52, matatu yanageuka mawili, faida imerudi. Kwa hiyo mahali pake ni kati ya 77 na 99, au kati ya 39 na 49. Eneo la katikati ni hasara tupu, isipokuwa umeshatandaza Stealth Rock, mtego wa mawe upande wa adui, ambayo huwang'ata wengi sehemu moja ya nane wakiingia uwanjani. Hapo hata pigo la 68 linatosha.

Tumia namba ya chini unapohesabu. Mchezo huu huchezesha kila pigo kati ya asilimia 85 na 100 ya nguvu yake, na niamini, siku unayotegemea ile 100 ndiyo siku utakayopewa 85. Vikokotoo vya mapigo viko bure mtandaoni. Hakuna haja ya kukisia.

Kiporo nacho kina hesabu yake, ila unaigeuza: angalia unavyopigwa wewe. Adui anayekutoa 52 anakuua kwa mapigo mawili. Ukiwa na kiporo, baada ya la kwanza unarudishiwa 6 na ushee, la pili linakuacha hai na asilimia 2 hivi. Umepata zamu nzima ya kujibu. Anayekutoa 70 hata usihangaike, kiporo hakitakuokoa. Anayekutoa 35 alikuwa akuue kwa matatu, sasa anahitaji la nne.

Nani abebe nini, basi? Mnyama anayeingia, anapiga mara moja au mbili na kuondoka, mpe nguvu. Wa kukaa na kuchosha watu, mpe kiporo, hasa kama anajua Protect, mbinu ya kuzuia pigo, maana anajikinga huku akirudishiwa uhai. Nidoking mwenye kipaji cha Sheer Force na Clefable mwenye kipaji cha Magic Guard ni kesi nyingine kabisa: wa kwanza hatozwi na Life Orb kwa yale mashambulizi ambayo Sheer Force inayaongezea nguvu, wa pili hatozwi kamwe. Ukiwa nao na huwapi Life Orb, sijui unangoja nini.

Na kwenye mapambano ya wawili kwa wawili, mimi kiporo nakiacha nyumbani mara nyingi. Zamu ni chache na mnyama mmoja anaweza kupigwa na wawili kwa pamoja. Badala yake nabeba Sitrus Berry, tunda linalokupa robo ya uhai kwa mkupuo ukifika nusu. Kiporo kingehitaji zamu nne kufikisha hapo, na zamu nne huko ni maisha marefu.

Wiki iliyopita nilirudi kibandani na Corviknight aliyebeba kiporo, hesabu zote nimeandika nyuma ya risiti. Fundi alituma Weavile zamu ya pili, akapiga Knock Off, ambayo hukupokonya kifaa na tena huongezewa nusu ya nguvu kwa sababu ulikuwa nacho. Nikabaki na risiti.