Nilishika Mimba Nikiwa Hedhini, na Wifi Yangu Hakuamini

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msichana anayeishi Ngaramtoni, nje kidogo ya jiji la Arusha, akiniuliza kama ni kweli kwamba mwanamke aliye hedhini hawezi kushika mimba. Alikutana na mchumba wake siku ya tano ya hedhi, shoga zake wakamhakikishia kwamba damu huondoa kila kitu, na sasa hedhi yake inayofuata imechelewa siku 6. Nilimjibu usiku uleule kwa maneno machache. Jibu kamili ni refu, kwa sababu jambo hilohilo lilikaribia kuivunja ndoa yangu.

Wakati ule tulikuwa tumepanga Pasua, Moshi, na mume wangu alikuwa amepata kazi Arusha. Ni mwendo wa kilomita 80 hivi, lakini zamu zake zilimruhusu kuja nyumbani mara moja tu kwa majuma matatu au manne. Tulikuwa na watoto wawili na tumekubaliana kupumzika, nami nilitegemea kanuni niliyoikariri tangu sekondari, kwamba yai hutoka siku ya 14. Mwezi ule hedhi ilianza Jumatano. Mume wangu alifika Jumamosi jioni, siku ya nne, damu ikiwa imebaki matone, akaondoka Jumapili alasiri. Tuliamini kwamba hakuna siku iliyo salama kuliko hiyo.

Wifi yangu, ambaye sisi ndio tuliokuwa tukimsomesha, aliishi nasi na alizijua siku zangu kama nilivyozijua zake. Kliniki iliponiandikia kwenye kadi kwamba mimba ina wiki 9, alihesabu kurudi nyuma, akaona kwamba kaka yake alikuja mara moja tu katika siku zile na kwamba mimi nilikuwa natoka damu. Alilisema hilo Krismasi, nyumbani kwao Kibosho, ukoo mzima ukiwa umekusanyika na ndafu ikiwa tayari kukatwa: mwanamke aliye kwenye siku zake hapati mimba, kwa hiyo kaka aulize mimba ni ya nani. Mume wangu aliinama, hakusema neno. Maneno ya wifi nimeyasamehe, lakini ukimya ule bado unaniuma.

Aliyetuokoa ni mkunga mstaafu, jirani yetu, ambaye alituketisha wote wawili akachora mstari kwenye karatasi ya daftari. Alianza kwa kusema kwamba kliniki huhesabu umri wa mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si tangu siku mlipokutana, ndiyo maana wiki za kwenye kadi zilionekana kuangukia kwenye damu. Kisha akaeleza jambo ambalo shuleni hatukuambiwa: siku ambazo hazibadiliki sana ni zile za baada ya yai kutoka hadi hedhi inayofuata, ambazo kwa kawaida ni 12 hadi 16, na zinazorefuka au kufupika zaidi ni zile za mwanzo. Mwenye mzunguko wa siku 28, yaani tangu hedhi moja ianze hadi nyingine ianze, huenda yai lake likatoka karibu na siku ya 14, lakini mwenye mzunguko wa siku 22 anaweza kulitoa siku ya 8. Yai huishi kwa saa 12 hadi 24 tu, ilhali mbegu za kiume zinaweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwanamke, zikisubiri. Ukiziweka pamoja hesabu hizo, Jumamosi yangu ya siku ya nne ilikuwa imefika hadi Jumatano iliyofuata bila taabu. Damu inayotoka haizifagii mbegu.

Sisemi kwamba jambo hili hutokea mara nyingi. Kwa wanawake wengi uwezekano ni mdogo, hasa siku za kwanza mbili, na huongezeka kadiri hedhi inavyoelekea mwisho na mzunguko unavyokuwa mfupi. Tena si kila damu ni hedhi. Wapo wanaotokwa na matone katikati ya mzunguko, wakaziita siku salama zile ambazo ndizo za hatari.

Basi nawasihi wadogo zangu, andikeni. Andika siku ya kwanza ya damu kwa mizunguko isiyopungua 6, chukua mzunguko mfupi kuliko yote uondoe 18, chukua mrefu kuliko yote uondoe 11. Wangu ulikuwa 22 na 29, kwa hiyo siku zangu za hatari zilianzia ya 4 hadi ya 18, na mimi hutokwa na damu siku 5. Nilipoiona hesabu hiyo kwa mwandiko wangu mwenyewe, nililia. Angalia pia ute unaotoka ukeni: ukiwa mwepesi, unateleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, kaa mbali au tumieni kondomu. Shanga za kuhesabia siku ni njia nzuri kwa mwenye mizunguko ya siku 26 hadi 32 peke yake, na hata kwao, katika matumizi ya kawaida, wanawake 12 hivi kati ya 100 hushika mimba ndani ya mwaka mmoja. Njia hizi za kuhesabu siku na kuangalia ute hazikukingi na VVU. Ugonjwa, kunyonyesha na umri hubadilisha mzunguko, kwa hiyo endelea kuandika.

Nanyi akina baba, kalenda si ya mwanamke peke yake. Mume asiyejua mke wake yuko siku ya ngapi hana haki ya kuuliza mimba ilitoka wapi. Mume wangu sasa ndiye anayeandika, kwa kalamu nyekundu, kwenye kalenda iliyo ukutani kwetu, na miaka 7 imepita bila mimba tusiyoipanga. Wifi ni mama sasa. Hajawahi kuniomba radhi, ingawa mwanangu huyo wa tatu humkimbilia kila tunapopanda Kibosho.

Yule binti wa Ngaramtoni nilimwambia kwamba vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufaa ndani ya siku 5 tu baada ya kukutana, tena kadiri vinavyowahiwa ndivyo vinavyofaa zaidi, na kwamba kwake muda huo umekwisha pita. Kilichobaki ni kupima, na kwa kuwa amekwisha chelewa, kipimo cha mkojo kinaweza kumpa jibu. Nilimwambia pia asiende peke yake. Amenijibu jana kwamba atakwenda zahanati kesho asubuhi, na kwamba mchumba wake ameomba ruhusa kazini ili aende naye.