Sukari Imepanda, na Sijala Kitu

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina kisukari cha aina ya pili, ninakula kwa kipimo na dawa sikosi. Juzi asubuhi mashine ilisoma 6.8. Muda mfupi baadaye nilipigiwa simu kwamba mwanangu ameanguka na bodaboda, na saa moja baada ya simu hiyo, ilhali nilikuwa nimekunywa maji tu, ikasoma 9.4. Je, mashine imeharibika? (Mama Z., Tanga)

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa yaliyomfika mwanao. Huenda mashine ni nzima, na sukari hiyo imetoka kwenye ini lako. Ubongo ukipokea habari ya kutisha, hutuma ishara hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia, nazo humwaga adrenalini, homoni ya hatari, katika damu. Ndipo moyo huenda mbio, mdomo hukauka, na ini hufungua ghala lake la sukari ili misuli ipate nguvu za kukimbia au kupigana. Baada ya dakika kadhaa hufuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo huliamuru ini litengeneze sukari zaidi na kuipunguzia makali insulini, homoni inayoshusha sukari. Anayekimbizwa na nyati angeitumia yote, lakini wewe ulikuwa umekaa na simu mkononi.

Mwishoni mwa msimu wa 1913, wachezaji 25 wa timu ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walipimwa mkojo mara baada ya mechi kali, na 12 wakakutwa na sukari. Mtafiti Walter Cannon, aliyeieleza habari hiyo, anasema watano kati yao walikuwa wachezaji wa akiba ambao hawakuingia uwanjani kabisa. Mashabiki wa Simba na Yanga hawatashangaa.

Mshtuko wa siku moja haunitishi sana. Ninachohofia ni msongo wa miezi, kama wa deni au wa kuuguza, ambao huiacha kotisoli juu, hukata usingizi na huipandisha sukari siku hadi siku.

Ukikuta namba kama hiyo tena, nawa mikono, kwa kuwa hata utomvu wa embe kidoleni hudanganya mashine, kisha upime upya baada ya kupumzika. Usijiongezee dawa. Ikibaki juu, au ukipata kiu kali na kutapika, nenda hospitali mara moja. Katika daftari lako, kando ya ile 9.4, andika “simu ya ajali”, ili daktari wako asije akakubadilishia dozi kwa sababu ya namba hiyo moja.