Dawati ulilolikimbia

Afande mdogo wangu, umesema ulitoka Kabalye, chuo chetu cha polisi hapa Uganda, ukiota upelelezi wa mauaji, wakakupeleka dawati la watoto na familia, na sasa unaona haya kukiri kwamba umelipenda. Haya ya nini? Mimi nilinuna mwaka mzima. Kisha akaja mtoto wa miaka sita, akajificha chini ya meza yangu, hataki kusema na mtu. Nikavua kofia, nikakaa naye sakafuni. Alianza na habari za kuku wao, mengine yakafuata.

Kiswahili chetu cha kambini kiache mlangoni, watoto wengi wanakisikia kama amri. Jifunze hata salamu ya kwao. Wenzako wanacheka? Kesi ya unajisi ikiwaangukia, watakuja kukuuliza kuhusu Fomu 3A, ile ya polisi ambayo daktari hujaza akimpima aliyedhulumiwa kingono. Uhamisho usiombe kwanza. Omba kozi ya kuhoji watoto.